Gari laini na gari linaloshika barabara: springi na shokapu hufanya kazi gani?

Kila anayesafiri kwenye barabara za changarawe anakijua kipande kile. Barabara imejaa vijituta vidogo vilivyopangana mfululizo, na gari likipita kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa kila kitu kinatetemeka: vioo, dashibodi, hata meno ya abiria. Dereva anaongeza mafuta. Mwendo ukifika 70 au 80, mtetemo unapungua, gari linakuwa kama linaelea, na abiria wanashusha pumzi. Wengi wetu tumewahi kumsifu dereva wa namna hiyo kwamba barabara anaijua.

Kilichotokea ni hiki. Magurudumu hayashuki tena mpaka chini ya kila kijishimo. Yanaruka kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Gari limekuwa laini kwa sababu matairi yanaigusa ardhi kidogo tu. Akikatiza mbuzi au mtoto, au kona ikatokea ghafla, breki na usukani havina pa kushika. Raha ya abiria imeongezeka, na uwezo wa dereva kulitawala gari umepungua, vyote kwa wakati mmoja.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini mambo hayo mawili, raha ya safari na gari kushika barabara, huvutana; watengenezaji wa magari wameyasuluhisha vipi; na ni marekebisho gani yanayofanywa kwenye gereji zetu ambayo huharibu usuluhishi huo bila mwenye gari kujua.

Kazi mbili za mfumo mmoja

Kati ya bodi ya gari na magurudumu kuna mkusanyiko wa vifaa ambao mafundi huuita saspensheni. Ndani yake kuna springi, shokapu (wengine husema shokomzoba), mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, bushi za mpira, boljointi na, kwenye magari mengi, chuma kirefu kinachoitwa stabilaiza.

Mkusanyiko huo una kazi mbili. Ya kwanza ni kuwakinga watu na mizigo dhidi ya mashimo na matuta. Ya pili ni kuhakikisha kila tairi linabaki limegusa barabara, kwa sababu gari huongozwa, husukumwa na husimamishwa na sehemu ndogo tu ya tairi inayogusa ardhi, sehemu ambayo kwa gari dogo haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Magari manne yakipishana nawe kwa kasi, usalama wako umo katika viganja kumi na sita vya mpira, pamoja na vinne vya kwako.

Mara nyingi kazi hizi mbili husaidiana. Gurudumu linaloweza kupanda na kushuka kirahisi hufuata barabara vizuri, na mtetemo hauwafikii abiria. Zinapogombana ni pale gari linapokata kona, linapofunga breki au linapobeba mzigo mzito. Hapo ulaini uleule unaowafurahisha abiria huifanya bodi ilale, izame pua au inese kupita kiasi.

Springi hubeba uzito

Tuanze na springi. Chukua mfano rahisi: kona moja ya gari, yaani gurudumu moja, imebeba kilo 300. Tuseme springi laini hubonyea sentimita 5 kwa kila kilo 100, na springi ngumu hubonyea sentimita 2 na nusu kwa kila kilo 100. Gari likiwa limesimama, springi laini imeshabonyea sentimita 15, na ile ngumu sentimita 7 na nusu.

Sasa wapande watu wanne wenye kilo 70 kila mmoja, na uzito wao ugawanyike sawa kwa magurudumu yote. Gari lenye springi laini litashuka sentimita 3 na nusu. Lenye springi ngumu litashuka chini ya sentimita 2. Kwa hiyo gari laini likijaa, hukaribia ardhi zaidi, na likiingia shimoni chuma hugota kwenye mpira wa kuzuia. Kile kishindo cha "gu!" unachokisikia ni springi iliyoishiwa nafasi.

Tofauti nyingine ni mdundo. Gari la mfano wetu lenye springi laini likisukumwa, hupanda na kushuka zaidi kidogo ya mara moja kwa sekunde. Lenye springi ngumu hufanya hivyo karibu mara 2 kwa sekunde. Magari ya kawaida ya familia hutengenezwa yawe kati ya mara 1 na mara 1 na nusu. Mwendo huo hautusumbui sana, kwa sababu miili yetu imezoea kupanda na kushuka tunapotembea, hatua kama 2 kwa sekunde. Kinachotuchosha zaidi ni mtetemo wa juu na chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Huo hutikisa tumbo na mgongo, na ndio sababu safari ndefu kwenye gari gumu humwacha mtu hoi ingawa alikuwa ameketi tu.

Lakini mdundo wa polepole kupita kiasi nao una shida yake. Gari linalonesa polepole kama mtumbwi huwatapisha watoto na wengine wenye kichefuchefu cha safari.

Shokapu hutuliza

Watu wengi huamini kwamba shokapu ndiyo inayobeba gari. Uzito hubebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi.

Springi ikibonyezwa na kuachiwa, haisimami mara moja. Hunesa juu na chini mpaka nguvu iishe. Bila kitu cha kuituliza, gari lililopita kwenye tuta moja lingeendelea kudunda mita nyingi mbele, na kila likipanda, matairi yangekuwa mepesi juu ya ardhi.

Ndani ya shokapu kuna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni huyasukuma mafuta yapite kwenye matundu hayo. Mafuta hupita kwa shida, na shida hiyo huigeuza nguvu ya mdundo kuwa joto. Ndiyo maana baada ya kilomita nyingi za barabara mbovu shokapu huwa ya moto. Joto likizidi, mafuta huwa mepesi na huweza kutoa povu, na shokapu hulegea kwa muda. Dereva makini hulihisi gari likianza kuelea na hupunguza mwendo.

Mtengenezaji huchagua ukali wa shokapu kwa kuangalia springi. Shokapu kali kwenye springi laini huzuia gurudumu kushuka haraka shimoni, na abiria huhisi kila kokoto. Shokapu legevu kwenye springi ngumu huliacha gari lidunde kama mpira. Vifaa hivi viwili huishi kama mke na mume: ukimbadilisha mmoja, lazima umfikirie mwenzake.

Kwenye kona, uzito huhama

Gari likikata kona ya kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto. Bodi hulala upande huo, na abiria hushikilia viti. Hapa kuna jambo linaloeleweka vibaya mara nyingi.

Kiasi cha uzito kinachohama hutegemea zaidi mambo matatu: mwendo na ukali wa kona, upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, na urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Springi ngumu hupunguza kulala kwa bodi, lakini hazizuii uzito kuhama. Kwa hiyo gari refu lililofungwa springi ngumu linaweza kuonekana limesimama wima kwenye kona huku magurudumu ya ndani yakikaribia kunyanyuka. Dereva hapati onyo la bodi kulala, na huamini gari bado lina uwezo.

Kifaa kinachosaidia kupunguza kulala bila kuzigusa springi ni stabilaiza. Ni chuma kilichopinda kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, chuma hicho huzunguka tu na hakifanyi kitu. Gari likilala upande mmoja, hujipinda na kukataa. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likiingia shimoni, mtikisiko huvuka upande wa pili, na bodi huyumba kushoto na kulia. Stabilaiza nene hufaa lami. Kwenye barabara ya mashimo huwarusha abiria vichwa huku na huku.

Gari la wakulima na kikapu cha mayai

Mfano maarufu wa gari lililochagua ulaini ulitoka Ufaransa, na ulikusudiwa watu wa vijijini. Miaka ya 1930, Pierre-Jules Boulanger, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya Citroën, aliwataka wahandisi wake watengeneze gari la bei nafuu la wakulima. Liweze kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, na liweze kupita katika shamba lililolimwa likiwa na kikapu cha mayai bila yai kuvunjika. Vita vya pili vya dunia vilichelewesha kazi hiyo. Gari lilioneshwa Paris mwaka 1948 kwa jina la 2CV, na liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1990.

Springi zake zililala chini ya gari, upande wa kushoto na wa kulia, na kila upande gurudumu la mbele liliunganishwa na la nyuma. La mbele lilipopanda tuta, sehemu ya nguvu ilipelekwa nyuma, na bodi ikabaki karibu sawa badala ya kunyanyua pua. Magurudumu yalikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka.

Matokeo yake, 2CV ililala sana kwenye kona, kiasi kwamba aliyeiona mara ya kwanza alidhani inapinduka. Lakini matairi yalibaki ardhini. Injini yake ndogo na sehemu nyingine nzito zilikaa chini, bodi ya juu ilikuwa nyepesi, na paa lilikuwa la turubai. Ililala sana, ila haikuwa rahisi kuipindua. Gari hilo linatuonesha kwamba kulala kwenye kona na kushindwa kushika barabara ni mambo mawili tofauti.

Gari la mbio si lazima liwe gumu

Mfano wa pili umetoka hapa kwetu. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lililojijengea jina katika miaka ya 1960 lilikuwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia. Lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mwaka 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Mwaka 1963 na 1968 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na mara zote mbili mbele yao ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff.

Yalikuwepo magari yenye nguvu kuliko 404. Lakini springi zake zilikuwa na nafasi ndefu ya kubonyea na kunyooka, shokapu zilizituliza vizuri, na vyuma vyake vilistahimili kipigo. Kwenye tope na mawe, gari gumu hurukaruka, na tairi lililo hewani haliwezi kusukuma wala kufunga breki.

Hata kwenye lami wapo waliofuata njia hiyo. Nchini Uingereza, Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa mwaka 1962 gari dogo la spoti liitwalo Elan. Springi zake zilikuwa laini kuliko watu walivyotarajia kwa gari la spoti, lakini gari lilikuwa jepesi, takriban kilo 700, lilikaa chini, na shokapu zilichaguliwa kwa uangalifu. Lilisifiwa kwa raha na kwa kukata kona. Wepesi na kukaa chini vilifanya kazi ambayo wengine waliitafuta kwa springi ngumu.

Magari ya mbio za lami tupu ni habari nyingine. Barabara yao ni laini kama sakafu, upepo huyakandamiza chini, na dereva hatarajii kusafiri naye bibi. Hayo huweza kuwa magumu sana. Kosa hutokea tunapoiga ugumu huo kwenye gari linaloishi kwenye mashimo.

Wengine walijaribu kupata vyote kwa teknolojia. Mwaka 1955 Citroën ilitoa DS, iliyotumia mafuta na gesi ya naitrojeni badala ya springi za chuma, na iliyoweza kujisawazisha yenyewe ikipakiwa. Leo yapo magari yenye springi za upepo na shokapu zinazobadilisha ukali kwa umeme. Yanafanya kazi vizuri, ila vipuri ni ghali, na anayetaka kununua gari la namna hiyo lililotumika aulize kwanza kama fundi na kipuri vipo karibu.

Tairi ndiyo springi ya kwanza

Kabla shimo halijaifikia springi ya chuma, limeshakutana na tairi. Upepo ulio ndani ni springi, na ukuta wa tairi ni sehemu yake.

Soma namba zilizo ubavuni. Tairi la 185/65 R15 lina upana wa milimita 185, na urefu wa ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 120. Tairi la 205/45 R17 lina ukuta wa milimita 92 tu. Kimo cha gurudumu zima hakitofautiani sana, na gari litaonekana la kisasa zaidi. Lakini umepoteza karibu sentimita 3 za mpira kati ya rimu na jiwe. Kwenye lami usukani utaitika haraka zaidi. Kwenye barabara ya kijijini rimu hupinda, ukuta wa tairi hupasuka, na abiria huhisi kila kitu. Rimu kubwa pia mara nyingi ni nzito, na gurudumu zito huchelewa kushuka shimoni na huchelewa kutulia.

Upepo nao una mizani yake. Ukizidi, gari hudunda na tairi huisha katikati. Ukipungua, gari huwa laini kwa uongo: kuta hujikunja, tairi hupata joto, usukani huchelewa, na tairi huweza kupasuka safarini. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi.

Kwa nini gari la mizigo likiwa tupu hurusha watu

Nyuma ya Toyota Hiace nyingi na ya pikapu kama Land Cruiser kuna springi za majani, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Gari likiwa tupu, uzito uliopo hautoshi kuzibonyeza, na nyuma hurukaruka. Likipakiwa kiasi kinachostahili hutulia na huwa na raha zaidi.

Dereva anayerudi tupu kutoka mnadani ajue kwamba nyuma ya gari ni nyepesi. Akifunga breki kwa nguvu kwenye kona ya changarawe, nyuma huweza kuserereka na kutangulia mbele.

Marekebisho ya kuyafikiria mara mbili

Kunyanyua gari kwa spesa ni jambo linalofanyika sana, na sababu yake inaeleweka: mashimo yanagonga chini. Lakini kitovu cha uzito hupanda, wakati upana wa magurudumu haujabadilika, kwa hiyo gari hupinduka kirahisi zaidi. Spesa ikiwekwa kwenye springi, gari husimama karibu na mwisho wa nafasi ya gurudumu kushuka. Likifika shimoni, gurudumu halina pa kwenda, na hubaki hewani. Ekseli na boljointi nazo hukaa kwa pembe zisizo zake na huchakaa mapema. Anayelazimika kunyanyua afanye kidogo, apime alaimenti baada ya kazi, ahakikishe mipira ya breki haijavutika, kisha apunguze mwendo wake wa kona daima.

Kukata springi ili gari likae chini ni baya zaidi. Springi iliyokatwa mizunguko huwa ngumu, nafasi ya kubonyea hupungua, na huweza kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia.

Kuongeza jani kwenye springi za nyuma huzuia gari kushuka sana likipakiwa. Halibadilishi breki, ekseli wala matairi. Uzito ulioruhusiwa na mtengenezaji unabaki ulevile, hata kama gari halionekani limelemewa.

Na mzigo wa juu ya keria, magunia, magodoro, baiskeli, hupandisha kitovu cha uzito kuliko spesa yoyote. Vitu vizito vipakiwe chini, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na vifungwe. Juu vibaki vyepesi.

Jikague mwenyewe

Huhitaji mashine kujua kama shokapu zimekufa. Angalia haya:

- Shokapu iliyolowa mafuta yaliyoshika vumbi inavuja.
- Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likipanda na kutulia, ni dalili njema. Likiendelea kunesa mara mbili tatu, mwoneshe fundi. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwa hiyo kitumie pamoja na dalili nyingine.
- Pitisha kiganja juu ya tairi gari likiwa limesimama. Mabonde na vilima kwenye mpira huonesha tairi limekuwa likidunda.
- Pua ikizama sana ukifunga breki, au gari likihitaji kurekebishwa usukani kila wakati kwenye barabara iliyonyooka, kuna kitu kimelegea.
- Mlio wa "kap-kap" kwenye mashimo madogo mara nyingi ni bushi, boljointi au linki ya stabilaiza, na ni nafuu kuliko shokapu. Fundi aanze hapo kabla hajakuuzia vifaa vingine.

Shokapu zibadilishwe mbili mbili, ya kushoto na ya kulia ya ekseli moja. Mpya upande mmoja na iliyochoka upande mwingine hufanya gari livute na kuyumba. Ukinunua za mtumba, kumbuka kwamba huenda zilitolewa kwenye gari jingine kwa sababu zilikuwa zimechoka.

Wanaoendesha bodaboda nao wana la kufanya. Pikipiki nyingi zina pete ya kukaza springi kwenye shokapu za nyuma. Kuikaza hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Huinyanyua nyuma ili pikipiki isishuke mno ukiwa na abiria. Kaza pande zote mbili sawa, na ukibaki peke yako irudishe.

Sasa turudi kwenye kile kipande cha changarawe. Gari likitulia ghafla baada ya kuongeza mwendo, barabara haijabadilika. Shokapu nzuri na upepo sahihi hupunguza mtetemo huo kwa kiasi, lakini mwendo ndio unaoamua kama matairi yako chini au yako hewani. Abiria ana haki ya kumwomba dereva apunguze, hata kama watu wa kiti cha nyuma watalalamika kwamba wanatikiswa.